Makasia Bila Maji

"Jembe limeshika kutu?"

"Bado."

"Mvua ikinyesha, utalima?"

"Nitalima."

"Imenyesha Nyandarua. Kaa tayari."

Simu ikakatika.

Kulmiye Gedi alitoka nje ya posta ya Isiolo akasimama juani. Akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kumdanganyia mbuzi.

Mara ya mwisho walipomwambia akae tayari, alikaa tayari hadi viatu vikaisha soli.

Aliyepiga simu ni Kaburu, mkuu wake, Mmeru mwenye sauti nyembamba aliyefanya kazi katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, Nairobi. Jembe lilikuwa mwili wa Kulmiye. Kulima kulikuwa kupiga makasia. Mvua haikutakiwa inyeshe Isiolo. Ilitakiwa inyeshe huko juu milimani, ili mto Ewaso Nyiro ufure na kuteremka hadi Korbesa, nchi kavu ambayo huona mafuriko bila kuona tone la mvua.

Na huko Korbesa kulikuwa na mtu anayesubiri mafuriko hayohayo.

Aliitwa Lenz. Watu wa mjini walimwita Bwana Vipimo. Alikuja na Land Rover nyeupe, kofia ya majani na vyuma vya kupimia kina, akasema ametumwa na kampuni ya ng'ambo kupima mto. Aliupima hata ulipokuwa mchanga mtupu. Watu walicheka. Mzungu na mambo yake.

Lakini katikati ya mchanga huo kulikuwa na kilima chenye mikoma. Mto ukijaa, kilima kinageuka kisiwa. Lenz alizika masanduku ya bunduki pale. Angeyafukua siku maji yatakapokizunguka, wakati hakuna gari la polisi linaloweza kufika, kisha ayavushe kwa boti la mpira hadi ukingo wa kaskazini, kwa wanunuzi wake. Kutoka hapo bunduki zingekwenda kwa wezi wa mifugo. Kutoka hapo, kwenye visima.

"Si tuyachimbue sasa?" Kathambi, msaidizi wake, aliwahi kuuliza.

"Tukichimbua sasa tutapata masanduku," Kulmiye alimjibu. "Lenz atabaki na vyuma vyake vya kupimia na marafiki zake wa ubalozini. Kaburu anamtaka na udongo mikononi."

Helikopta ingesikika kabla haijaonekana. Boti la injini vilevile. Kwa hiyo makasia.

Kwa hiyo Kulmiye.

* * *

Alijifunza kazi hiyo katika jeshi la wanamaji, Mombasa, akapigia kikosi chake makasia hadi wakaacha kumtafutia mshindani. Hizo zilikuwa siku za ujana. Sasa alikuwa amepita arobaini, na tangu mwanzo wa mwaka Ofisi ilimzungusha kaskazini yote: Moyale, Mandera, Wajir. Sehemu hizo maji aliyaona ndani ya debe.

Nairobi kulikuwa na mashine ya kupigia makasia, ya chuma, yenye kiti kinachoteleza kwenye reli. Nairobi ni mbali. Na mnunuzi wa ngozi anayeshusha mashine kama hiyo kutoka juu ya lori angekuwa habari ya mji mzima kabla ya alasiri.

Ndiyo, mnunuzi wa ngozi. Hiyo ndiyo kazi aliyojivika. Isiolo ilikuwa kwao. Babu yake alikuja hapo na bunduki ya Mwingereza begani, akapewa kipande cha ardhi baada ya vita. Kulmiye alifikia kwa dada yake, Falis, katika chumba cha nyuma kilichonuka chumvi na ngozi.

Humo ndimo alimojitengenezea mto.

Alinunua tyubu kuukuu ya lori la Bedford kwa fundi wa pancha, akaikata vipande virefu kwa kisu, akavifunga kwenye nondo za dirisha. Akapaka ngozi ya mbuzi mafuta ya kupikia, akaitandaza kwenye sakafu ya simiti, manyoya juu, upande wa mafuta chini. Akaikalia. Akakanyaga ukuta.

Akavuta.

Ngozi iliteleza. Miguu kwanza, kisha mgongo, mikono mwisho. Rudi. Vuta. Mpira ulilia kama mlango mbovu. Nondo zililalamika. Baada ya muda jasho lilichora ramani kwenye simiti.

Haikuwa mto. Mto unakupa kitu. Ukivuta vizuri, mashua inakimbia chini yako na unasahau maumivu. Ukuta hauendi popote. Aliukanyaga kila asubuhi baada ya swala, akainuka akiwa palepale.

Falis aliingia siku moja bila kubisha, kikombe cha chai mkononi.

"Walaal, ndugu yangu, nini hii?"

"Mgongo. Daktari amesema ninyooshe."

"Daktari amesema ujifunge kwa dirisha kama mbuzi?"

"Ndiyo."

Falis alimtazama yeye, kisha dirisha. Alikuwa mkubwa wake, na hakuwa mjinga.

"Marehemu baba alikuwa askari. Sikumuona akivuta dirisha," alisema. Akaweka chai chini. "Kunywa. Umekonda. Hiyo kazi yako ya ngozi inakula nyama yako mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Jambo hilo lilimchosha Kulmiye kuliko kuulizwa.

Mchana, Kathambi alikuja na furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya migomba. Chini ya miraa kulikuwa na redio. Kathambi alikuwa askari wa Ofisi, msichana wa Nyambene aliyejua kutega mitambo, kufunga kilo za giza, ile miraa ya bei ya juu, na kunyamaza. Sokoni walimjua kama muuzaji miraa kama wengine.

"Lete mikono, mzee."

Akampa. Aliigeuza viganja juu, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Laini."

"Nimevuta mpira mpaka dirisha limepinda."

"Misuli iko sawa. Ngozi ndiyo imelala. Ukishika kasia na mikono hii, dakika chache tu itakuwa damu. Unahitaji kamba."

"Kamba ya wapi?"

"Si mko na watu wenu Kinna, wenye visima?"

* * *

Kisima cha Duba kilikuwa nje ya Kinna, kirefu, chenye kamba ya katani iliyokwaruza kama msasa. Duba alikuwa Mborana mrefu, mkimya, mwenye ndevu zilizoanza mvi. Miaka miwili nyuma ndugu yake alipigwa risasi akiwa ameinama kunywesha ngamia kwenye kisima hichohicho. Aliyempiga alikuwa kijana asiyejua hata kuchinja. Bunduki ndiyo iliyojua.

Duba alijua Kulmiye ni mtu wa serikali. Ni yeye aliyepeleka habari za masanduku, baada ya wachunga ngamia wake kumwona Bwana Vipimo akichimba.

"Nagaa?" Duba alimsalimu kwa Kiborana.

"Nagaa, Duba. Nimekuja kuvuta maji."

"Wanaume wangu wanavuta."

"Wapumzike."

Duba hakushangaa. Alimwonyesha jiwe la kukalia, na jingine la kukanyaga. Kulmiye aliteremsha ndoo, akasikia ikimeza maji huko chini, akavuta. Miguu. Mgongo. Mikono. Ndoo ikapanda, Duba akaipokea, akamimina kwenye hori. Ng'ombe wakasukumana.

Tena.

Kufikia adhuhuri viganja vilikuwa vimechubuka. Kufikia jioni aliviosha kwa maji ya chumvi na akauma shuka asipige kelele. Kesho yake alirudi, na siku zilizofuata. Wanaume wa kisima waliimba ili ndoo ziende pamoja, naye akajifunza kupumua ndani ya wimbo wao. Vitambaa vilivyofunga mikono yake viliacha kushika damu. Ngozi ikawa ngumu, rangi ya kwato.

Hakufurahi. Alikuwa amechoka ule uchovu usioisha kwa usingizi. Wakati mwingine, ndoo ikiwa katikati, alijiuliza ikiwa kuna mtu Nairobi anayekumbuka kwamba yuko huku.

"Unavuta kama mtu anayelipa deni," Duba alimwambia siku moja.

"Navuta kama mtu anayetaka kwenda nyumbani."

"Nyumbani si Isiolo?"

Kulmiye alitema mate viganjani. Akateremsha ndoo tena.

Ndipo Land Rover ya Kathambi ikaja mbio, vumbi nyuma yake. Alishuka akiwa na visikilizio vya redio shingoni.

"Kunguru, kituo chetu cha redio, amesema. Maji yamepita Archers Post. Lenz ameingia kisiwani na watu wawili."

"Twende."

Duba alikuwa tayari amepanda nyuma, bakora mkononi. Hakuna aliyemwambia ashuke.

* * *

Ewaso Nyiro haikuwa ile waliyoijua.

Ilikuwa pana, nyekundu kama chai ya maziwa iliyochemka ikamwagika. Magogo yalipita. Mbuzi aliyekufa alipita, miguu juu. Kisiwa cha mikoma kilisimama katikati, mbali kuliko ilivyoonekana kwenye ramani.

Ilikuwa saa saba mchana, jua likichoma utosi. Saa ambayo mlinzi yeyote hutafuta kivuli. Kulmiye aliichagua kwa sababu hiyo.

Walikunjua mashua kwenye mchanga, mbali juu ya mkondo: turubai la kijivu, mbavu za mbao nyepesi, makasia mawili, kila moja la vipande viwili vya kuunganisha. Ilikaa ndani ya gunia moja. Ikishakunjuliwa ilibeba watu wawili, wasipopumua sana.

Kathambi aliitazama, kisha akautazama mto.

"Unajua kuogelea?" Kulmiye aliuliza.

"Kwetu maji ni ya kunywa."

Akaingia, akakaa nyuma akitazama mbele, bunduki ya Sterling mapajani. Kulmiye alikaa katikati akimtazama yeye. Mpiga makasia huenda kinyumenyume. Haoni aendako. Kathambi ndiye aliyekuwa macho.

Bastola yake, Walther, aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Akasukuma ukingo kwa kasia.

Mto uliwashika.

"Kulia," Kathambi alinong'ona. "Gogo. Kulia tena. Sawa."

Miguu. Mgongo. Mikono.

Na ghafla, kwa mara ya kwanza mwaka huo, kitu kilijibu. Mashua ilikimbia chini yake. Hakukuwa na ukuta. Kasia liliuma maji, likayaachia, na turubai likaimba kidogo. Kulmiye alifumba macho kwa mpigo mmoja tu.

"Kushoto, mzee. Mzee! Kushoto!"

Akafumbua.

Walifika mkia wa kisiwa bila sauti, wakashika mizizi. Boti la mpira lilikuwa pale, Zodiac nyeusi, imefungwa kwenye mkoma. Na halikuwa tupu. Masanduku yalikuwa yameshapangwa ndani yake, yana udongo mbichi. Lenz alikuwa amemaliza kuchimba. Alikuwa anangoja jua lipoe tu.

Mpango ulikuwa kutoboa boti, Lenz akwame na masanduku yake, kisha helikopta imfuate bila haraka. Lakini ukitoboa boti lililojaa, bunduki zinazama kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakipungua, anayetaka anaokota.

"Tunatumia injini yao?" Kathambi aliuliza kwa midomo.

Kulmiye alikagua. Bomba la mafuta lilikuwa limechomolewa, isingewaka. Lenz alitembea nalo mfukoni. Hakuwaamini hata watu wake.

"Tunavuta," Kulmiye alisema.

"Tunavuta nini?"

"Lote."

Kathambi alimtazama kama vile Falis alivyomtazama. Kisha akakata kamba ya mkoma, akaifunga nyuma ya mashua yao.

Walikuwa wameachana na mizizi wakati mtu mmoja aliinuka chini ya mkoma akitaka kukojoa.

Alipiga kelele.

Kathambi alipiga risasi juu ya kichwa chake, mtu yule akalala chini. Kisha Lenz akatokea, bila kofia, uso mwekundu, bunduki ya G3 begani. Hakupiga kelele. Alilenga.

Risasi ya kwanza ilipasua maji. Ya pili ilipita kwenye turubai, mbele ya mguu wa Kulmiye. Maji yakaingia kama yaliyoalikwa. Kathambi alimimina risasi za Sterling kwenye mchanga mbele ya Lenz hadi akarudi nyuma ya mti. Alipochungulia tena, mkondo ulikuwa umewapeleka nyuma ya majani.

Sasa kazi ikaanza.

Boti la bunduki lilitaka kwenda na mto. Kulmiye alitaka kwenda ukingoni. Kamba ilinyooka kati ya matakwa hayo mawili ikalia. Kila alipovuta, mashua ilisogea kiasi cha kiganja. Alipopumzika, ilirudi.

Kathambi alikumba maji kwa kofia yake.

"Tai kwa Kunguru," alisema redioni, akikumba kwa mkono mmoja. "Mzigo tunao. Mwenyewe yuko kisiwani, hana boti. Lete ndege. Ovaa."

"Kunguru kwa Tai. Nimesikia. Mko salama? Ovaa."

Kathambi alimtazama Kulmiye. Meno yake yalikuwa nje. Macho yake hayakuwa yanaona mtu.

"Bado. Auti."

Bega la kushoto lilitoa mlio. Kulmiye aliusikia ndani ya sikio lake, kama kijiti kinachovunjika. Mkono ukapoteza nguvu, kasia likayumba.

"Kata kamba, mzee."

"Hapana."

"Tutazama!"

"Nani... anakaa... chini huko?"

Kathambi aligeuka kutazama mkondo ulikoelekea. Korbesa. Watoto, akina mama, ng'ombe kwenye ukingo. Bunduki zingefika zenyewe hadi mlangoni kwao.

Akaweka kisu chini.

"Basi miguu," alisema. "Wacha mikono iwe ndoano tu. Miguu, mzee. Vuta. Rudi. Vuta."

Akamhesabia kwa sauti. Sauti yake ilikuwa kavu, bila huruma, na Kulmiye aliishika kama kamba. Mikono haikuvuta tena, ilining'inia kwenye makasia. Mapaja ndiyo yaliyosukuma. Maji yalifika kiunoni. Hakuwa na hasira wala ushujaa. Alikuwa na mpigo uliofuata tu, na baada yake mwingine.

"Vuta. Rudi. Naona miguu ya watu. Vuta!"

Duba alikuwa ameteremka ukingoni akiwafuata, na wachunga ngamia wa Korbesa nyuma yake. Aliingia majini hadi kifuani, akajitupa, akashika kamba. Nyuma yake wanaume wakashikana mikono hadi nchi kavu. Mtu mmoja akaanzisha wimbo.

Mashua ya turubai ilikufa pale pale, ikalala matopeni kama gunia. Zodiac ilipanda mchangani na masanduku yake yote.

Kulmiye alibaki amekaa ndani ya maji, makasia bado mkononi. Kathambi alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja.

* * *

Helikopta iliwashusha polisi kisiwani kabla ya jua kuinama. Lenz hakupigana. Alikuwa na risasi, lakini hakuwa na pa kwenda. Kwenye mfuko wa suruali yake walikuta bomba la mafuta, na kwenye kucha zake udongo wa shimo. Wanunuzi wa ng'ambo ya kaskazini walisikia ndege, wakatawanyika, wakaliacha lori lao likiwa limezama kwenye tope hadi ekseli.

Duba aliomba kufunguliwa sanduku moja. Kathambi akalifungua. Bunduki zilikuwa zimelala zikiwa na grisi, mpya, nzuri kwa namna yake. Duba aliinama juu ya sanduku. Aligusa mtutu mmoja kwa kidole, akakipangusa kwenye shuka.

"Zote ziko hapa?"

"Zote," Kulmiye alisema.

"Ndugu yangu aliuawa na moja tu."

Akafunga kifuniko yeye mwenyewe, taratibu, akaenda kutazama ngamia.

Redio ilikoroma. Kaburu alikuwa na furaha, na Kaburu akiwa na furaha sauti yake ilizidi kuwa nyembamba.

"Kazi nzuri, Tai. Ingia ndege, uje upumzike. Kidogo tu. Kuna jambo limetokea upande wa Lodwar, ziwani. Na huko, angalau, kuna maji. Ovaa."

Kulmiye alimrudishia Kathambi kipaza sauti.

"Mwambie betri imekwisha."

"Haijakwisha, mzee."

"Najua."

Kathambi alizima redio. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alicheka.

Walimleta Lenz ukingoni, pingu mikononi, polisi kila upande. Alipita karibu na mashua iliyopasuka, akasimama. Aliitazama, akautazama mto, kisha akamtazama mtu mweusi mwembamba aliyeketi kwenye jiwe, mkono umefungwa kwa kanga ya mtu, akitetemeka kwa uchovu.

"Wewe?" Lenz alisema, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hapana wezekana. Mimi napima hii nchi mwaka nzima. Hapana mashua. Hapana bwawa, hapana ziwa. Wewe nafanya mazoezi wapi?"

Polisi walingoja jibu. Hata rubani alitoa kichwa dirishani.

Kulmiye aliinuka, polepole, goti moja baada ya jingine. Kuna mama mmoja wa Korbesa alikuwa amewasha moto chini ya mgunga, na harufu ya chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa imemfikia.

Aliokota viatu vyake, akavishika kwa mkono mzima, akampita Lenz bila kumtazama, akaelekea motoni.